Mkono wa Mwalimu Mithika

Majimbo, Embu
2 Juni 2024

Kwa Mwalimu Mithika,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta nyumbani Ruiri, si hospitalini. Mimi ni Eunice Ruguru, muuguzi wa kliniki ya saratani hapa Embu, yule mfupi mwenye miwani. Jumanne ile ya tarehe kumi na nne Mei, aliyekuwekea dawa ni mimi.

Sikupigi simu kwa sababu Kinya binti yako aliniambia husikii vizuri, na kwamba simu yako huongea kwa sauti ya juu hadi jirani anajibu. Nami mambo haya sitaki jirani ayajibu. Kinya amekubali kukuletea barua akija nyumbani Jumamosi. Kutoka lango langu hadi lango lake hapa Majimbo ni mwendo wa dakika tatu, na bado ilinichukua siku tisa kwenda kubisha.

Acha nieleze jinsi ilivyokuwa. Ile dawa nyekundu ya saratani ya tezi hufanya kazi nzuri ikiwa ndani ya mshipa. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Kwa hiyo tulifundishwa hivi: muuguzi aisukume mwenyewe kwa sindano, polepole, ameketi kando ya mgonjwa, macho yakiwa kwenye mkono, na amuulize mara kwa mara kama inauma. Siku hiyo tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa kumi na mmoja. Niliichanganya kwenye dripu iingie yenyewe. Nikakuuliza, "Mwalimu, inauma?" Ukasema hapana. Nikakuuliza tena, ukasema hapana. Kisha nikaitwa kwa mgonjwa mwingine. Niliporudi, nyuma ya kiganja chako cha kulia palikuwa pamevimba kidogo, pekundu. Nikakwambia ni kawaida, itashuka. Wiki iliyofuata Kinya alileta picha kwenye simu, na nikaona malengelenge.

Kamati ya kliniki itakaa tarehe ishirini. Bwana Ndambiri, mkuu wetu wa wauguzi, amesema naweza kusimamishwa kazi. Siandiki ili unihurumie. Nataka kujua mkono ukoje. Je, vidole vinakunja? Kuna sehemu nyeusi? Unanuka? Unaweza kushika kikombe? Tafadhali jibu kila swali, hata kama jibu ni baya.

Ningependa kukwambia nimelia. Sijalia. Nikiufikiria mkono wako najihisi kama mtu anayesoma faili ya mgonjwa wa hospitali nyingine. Kwa hilo pia naona nikuombe msamaha.

Wako,
Eunice Ruguru


Ruiri
9 Juni 2024

Binti yangu Eunice,

Barua yako imefika ndani ya mfuko wa mkate, na mkate pia umefika, ahsante kwa Kinya. Nimeisoma mara mbili bila kushika kalamu nyekundu. Kwa mtu wa Ishiara umejitahidi. Si uliniambia kwenu ni Ishiara, kwa joto na ndengu na mbuzi wanaokula karatasi? Mbuzi hao ndio waliokula daftari lako la insha, sasa naelewa.

Umeniuliza maswali manne, nami nitajibu kama mtahiniwa. Vidole vinakunja. Nyeusi hakuna. Mkono haunuki, labda harufu ya dawa ya kidonda tu. Kikombe nashika, tena kile kikubwa. Halafu utazame mwandiko huu. Umeona mstari ulivyonyooka? Mtu mwenye mkono mbovu haandiki hivi.

Uvimbe ulinisumbua kidogo nikiwa bado kwa Kinya. Mke wangu Alice alishuka kutoka Ruiri akanikanda kwa maji ya moto na chumvi, asubuhi na jioni, siku nne, na mambo yakatulia.

Sasa kuhusu lile swali lako la siku ile. Binti yangu, wewe ni mtu wa huku, kwa nini unifanye nieleze? Mimi nilitahiriwa mwaka wa sabini na mbili, alfajiri ya Agosti yenye baridi, na sikukunja uso. Kwetu mtu akikunja uso siku hiyo, jambo lenyewe humfuata hadi kaburini. Watu watakuwa wamebeba jeneza na mmoja atakumbusha mwenzake. Na je, ulimwona aliyekuwa ameketi kiti cha pili? Yule ni Kathuri. Nilimfundisha darasa la sita. Nilimchapa kwa kuchelewa, akalia, nikamchapa tena kwa kulia. Ndipo wewe unakuja na miwani yako, unaniuliza mbele ya Kathuri kama sindano inauma. Ulitarajia nijibu nini?

Kwa hiyo kosa ni langu. Ndani ya bahasha utakuta barua nyingine, ya kamati. Nimesema uliniuliza mara mbili na mara mbili nikakana. Nimesema pia hukutoka karibu nami. Mpe Bwana Ndambiri. Kazi ni ngumu kupata, na waliofundishwa kuweka dawa hiyo ni wachache.

Usijali. Nimekuwa na mkono huu miaka sitini na saba, tunajuana.

Mimi,
M'Mithika, mwalimu mstaafu


Majimbo, Embu
23 Juni 2024

Mwalimu wangu,

Kamati ilikaa Alhamisi. Barua yako ilisomwa kwa sauti, na ilipofika pale ulipomtaja Kathuri hata Bwana Ndambiri alicheka. Halafu akanigeukia akaniuliza, "Sista Eunice, ni kweli hukutoka karibu na mgonjwa?" Nikasema ndiyo, ni kama Mwalimu alivyoandika.

Wamenipa onyo la maandishi. Kazi ninayo. Nilitoka pale nikaenda kununua vitunguu na sukuma wiki, nikapika, nikala. Nilijua napaswa kufurahi, nikangoja furaha ije, haikuja. Haidhuru.

Mwalimu, wewe ulijua kwamba nilitoka. Sitaki tuandikiane kama kwamba hukujua. Lakini ahsante.

Nimeangalia kwenye rejista. Umepata mizunguko miwili ya dawa kati ya sita. Wa tatu ulikuwa tarehe nne Juni na hukuja. Nilifikiri ni mkono, ila sasa unasema mkono uko sawa, basi mbona hukuja? Zile tezi za shingoni zilikuwa zimeanza kuyeyuka. Ukiacha katikati zitarudi, na zikirudi huwa hazisikii dawa kama mara ya kwanza. Haya si maneno ya kutisha watu, nimeyaona kwa macho yangu. Njoo Jumanne hii. Ukipata homa kabla ya hapo, usimeze Panadol na kungoja kama watu wanavyofanya na malaria. Mtu aliye kwenye matibabu haya akipanda joto, aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili na kwaya inaimba.

Kama hutaki niwe mimi, nitamwambia mwenzangu.

Eunice

Mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu. Nimeibandika barua yako ya kwanza ukutani kwangu.


Ruiri
7 Julai 2024

Binti yangu,

Usiwe na wasiwasi juu ya matibabu. Nimeyahamishia Meru mjini, ni karibu, naenda asubuhi na saa kumi niko nyumbani. Mzunguko wa tatu nimeshapata. Wauguzi wa huko ni wakali kuliko wewe.

Hapa tumevuna maharagwe. Nimeng'oa kwa mikono yote miwili hadi mgongo ukalalamika. Ng'ombe amezaa ndama dume, jambo ambalo Alice analichukulia kama nimepanga mimi.

Sasa niulize mimi. Umeandika mara mbili kwamba huhisi kitu. Mara ya kwanza nilidhani ni adabu, mara ya pili nikasimama hapo. Tangu lini?

Nakuuliza kwa sababu mwaka wa themanini na tisa nilikuwa na mtoto darasani anaitwa Murungi. Alichukuliwa na mto siku ya Jumatatu, tukamzika Alhamisi. Ijumaa niliingia darasani nikafundisha kugawanya sehemu. Watoto walikuwa wananitazama, na dawati lake lilikuwa pale, nami nikagawanya sehemu hadi kengele ikalia. Watu walisema Mwalimu ni jasiri. Sikuwa jasiri. Sikuwa na kitu ndani. Ilikaa hivyo kama miaka miwili, na katika miaka hiyo ndipo niliwachapa watoto sana. Kathuri alipita mikononi mwangu wakati huo.

Hilo sijawahi kumwambia mtu, isipokuwa mke wangu, ambaye amelisikia sasa hivi.

M'Mithika


Majimbo, Embu
21 Julai 2024

Mwalimu,

Umeniuliza tangu lini. Alikuwepo mgonjwa, Mukami, wa miaka ishirini na sita, na saratani ya damu. Alikaa nasi miezi mitano. Mimi ndiye niliyemfundisha kusugua meno kwa kitambaa laini fizi zisitoke damu, na kujitazama miguuni kila asubuhi kama kuna vidoa vyekundu, na kumwambia shemeji yake asimletee maziwa ambayo hayajachemshwa. Alikuwa akiniita Mwalimu pia. Alifariki asubuhi, saa mbili na robo. Nilimfunga taya, nikamvalisha kanzu yake, nikajaza fomu. Saa tatu nikaanza kuwatundikia wengine dripu.

Ilikuwa tarehe kumi na nne Mei. Wewe ulikuwa mgonjwa wangu wa nne siku hiyo.

Sikuandika ili nijitetee. Nilitaka kuandika jambo jingine, nimelizunguka tu.

Alhamisi Kathuri alikuja kupata dawa yake. Nilimuuliza habari zako nikijua jibu. Nilitaka tu kusikia mtu akisema u mzima. Akaniambia kanisani Mwalimu hushikiwa kitabu cha nyimbo na mke wake. Akasema mkono wa kulia hukaa ndani ya koti hata jua likiwaka. Akasema maharagwe yenu yalivunwa na wanakwaya, na yeye alikuwa mmoja wao. Na kwamba hajasikia popote kuwa unaenda Meru. Jirani yako anayekwenda huko kila wiki na gari la viazi hajakubeba hata mara moja.

Sasa nimeibandua ile ya ukutani na kuziweka barua zako zote mezani. Mwandiko ni mmoja, umenyooka, una mikia mirefu. Ni nani anayeziandika?

Eunice


Ruiri
4 Agosti 2024

Sista Eunice,

Ni mimi. Naitwa Alice Ciakuthii, Mama Kinya. Nilifundisha chekechea miaka kumi na minane, mikia hiyo ni yangu. Mume wangu huongea, mimi naandika. Barua hii haongei yeye. Amelala, na hajui. Na hata hiyo yako hajaiona. Nilimwambia Kinya hakuleta kitu.

Nitajibu yale maswali yako manne, kwa sababu mara ya kwanza niliyajibu kwa uongo wa mtu mwingine. Vidole viwili havikunji. Kidole gumba hukunja nusu. Kulikuwa na sehemu nyeusi, ikadondoka mwezi wa sita, chini yake palibaki shimo ambalo ukiangalia unaona kitu cheupe kama uzi, na daktari wa hapa amesema ni mshipa wa kunyooshea kidole. Kulikuwa na harufu, nilikuwa nafungua dirisha na kusema ni joto. Kikombe hashiki. Mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati. Mtu huyu aliandika kwa mkono ule ubaoni miaka thelathini na saba, na sasa akitaka kunionyesha kitu mbali hunyoosha kidevu.

Nilikuwa nakuchukia. Nakwambia tu, ili ujue unayesoma barua yake. Kila nilipoandika "binti yangu" kalamu ilikuwa nzito. Alikuwa anacheka akinitajia yale ya mbuzi na daftari, na mimi naandika, na bandeji iko pale mezani kati yetu.

Lakini kuna jambo. Katika barua ya kwanza hakunitajia ile habari ya maji ya moto. Niliiweka mwenyewe. Ile ya kwamba Alice alimkanda siku nne. Niliiandika makusudi nione wewe muuguzi utasema nini. Ulijibu kila kitu. Ulimsifu mwandiko. Hukusema neno juu ya maji.

Nimekaa na hilo tangu Juni. Hapa kwetu mtu akivimba anakandwa. Mama yangu alinikanda, nami nikawakanda watoto wangu wanne. Nilisafiri kutoka Ruiri hadi Embu na chumvi yangu kwenye mkoba. Yeye hakusema kitu, alikuwa ananitazama tu, na siku ya tatu ngozi ilitoka na kitambaa. Sasa nataka unijibu bila adabu. Maji yangu yalimharibu?

Na jingine. Meru haendi. Hajaenda hata siku moja. Anasema hana mkono mwingine wa kutoa. Kwenye shingo zimerudi mbili, moja kama punje ya haragwe la njahi, nyingine kubwa. Amefunga skafu, anasema ni baridi ya mlima.

Alice Ciakuthii


Majimbo, Embu
11 Agosti 2024

Mama Kinya,

Ndiyo. Maji ya moto yalizidisha. Kwa dawa nyingine huwa tunakanda kwa joto, kwa ile nyekundu hapana. Inatakiwa baridi, barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika ishirini, mara nne kwa siku, na mkono uinuliwe. Joto huisambaza.

Lakini sikiliza na hili. Kliniki ina karatasi iliyochapishwa ya kumpa mgonjwa dawa ikivuja. Imeandikwa kwa Kiswahili, ina picha ya barafu na picha ya maji ya moto yenye mstari wa kukataza. Niliichukua kabatini siku ile niliporudi na kuuona mkono. Nikaikunja nikaitia mfukoni mwa aproni, kwa sababu ningempa angejua kwamba imevuja, na mimi ningelazimika kuandika ripoti. Nikamwambia ni kawaida. Ile karatasi niliikuta Jumamosi ya wiki ile nikifua. Kwa hiyo uliposhika njia na chumvi yako, ulikuwa unafanya kazi yangu bila kuambiwa inavyofanywa. Ukitafuta wa kulaumu, anza na aliyekuwa na karatasi. Na nilipousoma mstari wako wa maji niliuelewa mara moja. Nikauruka.

Na kuna lile nililolizunguka. Sikuitwa na mgonjwa mwingine. Hakuna aliyeniita. Baada ya kumuuliza Mwalimu mara ya pili nilienda stoo kuchukua glavu, nikaona katoni ya dripu, nikaketi juu yake. Nilitazama ukuta. Kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita. Sikuwa nalia, sikuwa naomba, sikuwa nafikiri juu ya Mukami. Niliketi hapo dakika ishirini na tano, nikijua kwamba dawa inaingia na hakuna mtu anayeiangalia. Nilijua, Mama Kinya. Lakini kujua huko hakukuninyanyua.

Jumatano nilimwambia Bwana Ndambiri yote, na nikampa karatasi, ingawa imefuliwa. Kamati ilikaa tena kesho yake. Nimeondolewa kwenye kazi ya kuweka dawa kwa miezi sita, naanza mafunzo upya, na faili yangu imepelekwa juu zaidi. Sijui watasema nini. Waliniuliza kama nataka kukaa nyumbani wakati huo. Nikawaomba waniweke kwenye kiti. Sasa kila anayepewa ile nyekundu, mwenzangu anaisukuma kwa sindano, mimi naketi ubavuni na kuutazama mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi yangu ni hiyo tu. Na siulizi tena "inauma?" kwa wazee walioketi pamoja. Naweka vidole vyangu juu ya ngozi karibu na sindano. Ikipoa ghafla au ikikaza, nasema acha. Halafu nimevuta pazia kati ya viti.

Nimeongea na daktari juu ya Mwalimu. Amesema bado inawezekana. Kuna mshipa mzuri kwenye mkono wa kushoto, katikati ya kiwiko na kiganja, si nyuma ya kiganja, pale hapakufaa tangu mwanzo. Na kuhusu mkono wa kulia, kuna daktari wa upasuaji anayekuja kila mwezi, anaweza kuziba kidonda kwa ngozi ya paja. Vidole sijui. Sitakudanganya juu ya vidole. Lakini zile za shingoni hazitangoja upasuaji. Alete shingo kwanza.

Akikataa, ni haki yake. Ila akatae akijua ukweli, asikatae kwa sababu ya uongo wangu. Tafadhali msomee barua hii yote. Usiruke mahali.

Nilipomaliza kumwambia Bwana Ndambiri nilienda choo cha wafanyakazi, na mikono ilikuwa inatetemeka. Niliitazama kwa mshangao. Ni kitu cha kwanza mwili wangu kufanya tangu Mei.

Eunice Ruguru


Ruiri
18 Agosti 2024

Eunice,

Hii ni kushoto. Nimeanza baada ya chai ya asubuhi na sasa ni saa nane. Usihesabu makosa.

Alice amenisomea. Yote. Alipofika kwenye maji alisimama, nikamwambia endelea, akaendelea. Jioni alikaa nje na ndama hadi giza. Nikaenda nikakaa naye.

Nilijua hukuwepo. Nilikuwa nautazama mlango wa stoo. Nilihesabu vigae vya dari, ni themanini na vinne, viwili vimepasuka. Ningeita. Kathuri alikuwa pale.

Jana Kathuri alikuja kutusaidia kukata nyasi. Nikamwambia yale ya mwaka wa themanini na tisa. Akasema anakumbuka. Akaendelea kukata.

Wewe uliniuliza swali mara mbili na mara mbili nikakosa. Nasahihisha.

Iliuma. Iliuma tangu tone la kwanza. Ilipanda hadi kwenye kiwiko na nikadhani mkono unawaka ndani. Iliuma kuliko kisu. Na hadi leo inauma.

Nitakuja na Alice Jumanne ya tarehe ishirini na saba. Mkono uliobaki ni huu ninaoandikia.

Pazia liache wazi. Keti pale nitakapokuona. Uniulize tena.

Mithika